Buckminster Fuller, mutu aliyepima uzito wa nyumba

Leo tunawaletea maisha ya mutu mumoja wa Marekani, jina lake Richard Buckminster Fuller. Wengi wameona picha za nyumba zake za muviringo, zile zinazofanana na mupira wa kabumbu uliokatwa nusu. Wachache wanajua kwamba mutu huyu, katika miaka ya uzee wake, alipanga nyumba na hata miji mizima ya kuelea juu ya maji.

Sisi wa sendika tumemuchagua juu ya ulizo moja alilowatupia wajenzi wote: nyumba yako ina kilo ngapi? Mutu wa biro anaweza kucheka. Lakini mutu anayebeba mizigo chini ya udongo analielewa mara moja. Kitu kizito kinakula falanga, kinakula siku, kinakula mugongo wa mutu. Kitu chepesi unaweza kukihamisha. Tena ukikitengenezea tumbo tupu na pana chini yake, maji yanakibeba.

Mutoto asiyeona vizuri

Fuller alizaliwa tarehe 12 mwezi wa 7, mwaka 1895, katika muji mudogo wa Milton, karibu na Boston. Macho yake yalikuwa mabaya tangu kuzaliwa, na miwani aliipata akiwa na miaka 4. Mbele ya hapo aliona rangi na vivuli tu. Shuleni, mwalimu aliwapa watoto vijiti vidogo na njegere ili wajenge vinyumba. Wenzake walijenga masanduku ya pembe nne, kwa sababu nyumba walizoziona zilikuwa hivyo. Yeye aliyezoea kupapasa alitikisa kila umbo kwa mikono, akakuta kwamba pembe nne zinalala upande na pembe tatu zinakataa. Kila mutu aliyefunga miti ya kushikilia udongo ndani ya mugodi anajua jambo hilo: ukitaka fremu isianguke, unapitisha muti mumoja wa kukingama, na pembe nne zinageuka kuwa pembe tatu mbili.

Kitu cha pili alichojifunza utotoni ni maji. Toka mwaka 1904 jamaa yake ilikuwa na kisiwa kinachoitwa Bear Island, katika ghuba ya Penobscot, jimbo la Maine. Kila wakati wa joto walikaa kule. Kijana Fuller alijitengenezea muti wa kusukumia mashua, wenye kitu kama mwavuli kwenye ncha: ukisukuma, unafunguka na kukamata maji, ukivuta, unajifunga. Aliangalia pia namna mafundi wa mashua wanavyofanya kazi. Ndani ya mashua hakuna kitu cha bure. Kila ubao na kila kamba vinahesabiwa, juu kilo za bure zinaweza kuzamisha watu. Kisha akaangalia nyumba za inchi kavu, akaona kwamba hapo hakuna anayehesabu.

Baba yake alikufa mwaka 1910. Mwaka 1913 Fuller aliingia chuo kikubwa cha Harvard, lakini alifukuzwa mara mbili. Kisha mara ya kwanza alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha pamba kule Sherbrooke, nchi ya Canada, kufunga mashini pamoja na mafundi. Jamaa yake ilifikiri hiyo ni adhabu. Lakini kazi ya mikono ilimufundisha kusoma chuma, kuona kipande kinavunjika kwa nini na kinatengenezwa namna gani.

Mwaka 1917 alimuoa Anne Hewlett, akaingia jeshi la maji. Aliongoza mashua ya kuokoa. Siku hizo ndege nyingi za jeshi zilizojifunza juu ya bahari zilianguka na kupinduka, na rubani alikufa kichwa chini akiwa amefungwa kwenye kiti. Fuller alitengeneza mulingoti wenye kamba na mashini ya kuvuta, ili mashua ifike, ikamate ndege na kuinyanyua haraka. Kazi yake ya kwanza iliyookoa watu ilikuwa hiyo, ya kushindana na uzito na maji.

Kifo cha Alexandra

Mwaka 1918 Fuller na muke wake walipata mutoto musichana, Alexandra. Mutoto huyo aligonjwa sana, ugonjwa wa kupooza kisha ugonjwa wa uti wa mugongo, na alikufa mwaka 1922 mbele ya kutimiza miaka 4. Baba yake aliamini, mupaka mwisho wa maisha, kwamba nyumba yenye baridi, unyevu na upepo wa kupenya ilisaidia kumuua. Wamama wanaosoma ukurasa huu wanajua nyumba za namna hiyo. Mvua ikinyesha, ukuta unakunywa maji, na kifua cha mutoto kinaanza kukoroma.

Mwaka huo huo Fuller alishika kazi ya kujenga pamoja na baba mukwe wake, James Monroe Hewlett, aliyekuwa mutaalamu wa kuchora majumba. Hewlett alikuwa amebuni tofali jepesi la nyuzi za mbao zilizoshikamanishwa, lenye matundu ya kumiminia beto. Walijenga majumba zaidi ya 200. Lakini wajenzi wa zamani hawakupenda tofali hilo, na falanga zilikuwa za watu wengine. Mwaka 1927 hisa ziliuzwa, wenye mali wakamuondoa Fuller. Alijikuta Chicago bila kazi, na muke wake amezaa mutoto wa pili, Allegra.

Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alisimama kwenye ukingo wa ziwa Michigan akifikiri kujitupa ndani, kisha akaamua kwamba maisha yake hayakuwa yake peke yake. Watu waliochunguza barua zake za wakati ule wanasita kuiamini hadisi hiyo yote. Iwe hivyo au vingine, toka mwaka huo alishika kazi moja: kutafuta nyumba ambayo kiwanda kinaweza kuitoa sawa vile kinatoa magari, nyepesi, ya bei ndogo, isiyoua mutoto kwa baridi.

Nyumba ya kutundikwa

Mwaka 1929, katika duka kubwa la Marshall Field's pale Chicago, alionyesha mufano wa nyumba yake, akaiita Dymaxion. Fikirieni gurudumu la kinga. Katikati kuna kipande kimoja kigumu, na nyaya nyembamba zinashikilia duara lote. Nyumba ya Fuller ilikuwa vile. Mulingoti mumoja katikati, na sakafu na kuta zimetundikwa kwa nyaya. Mawazo yake yalikuwa haya: chuma kikivutwa kinabeba uzito mukubwa hata kikiwa chembamba, lakini kikigandamizwa kinapinda, ndiyo sababu kinahitaji unene. Basi ufanye sehemu nyingi za nyumba zivutwe, na chache tu zigandamizwe. Ndugu zetu wanaoshughulika na kamba ya chuma ya lifti ya mugodi hawatashangaa. Kamba isiyofika unene wa mukono inabeba kundi zima la wafanyakazi, na hakuna anayeweza kuisimamisha kama muti.

Watu walikuja kutazama, lakini nyumba haikujengwa. Wakati ule aluminyumu ilikuwa ghali, na mwaka ule ule masoko ya falanga ya Marekani yalianguka.

Alipofika kwenye shaba

Hapa maisha yake yanagusa kazi yetu. Kati ya miaka 1936 na 1938 Fuller alifanya kazi ya uchunguzi katika kampuni ya Phelps Dodge, mojawapo ya kampuni kubwa za shaba za Marekani. Kwa kampuni hiyo alitengeneza chumba cha kuogea kizima cha shaba iliyopigwa kwa mashini, bafu, choo na kinawio pamoja. Kilikuwa cha vipande vinne, na kila kipande watu wawili waliweza kukibeba mupaka juu ya ngazi. Wakivifunga pamoja, kazi imekwisha. Vilitengenezwa vichache, karibu 12 tu.

Lakini kazi yake kubwa pale ilikuwa kuhesabu shaba ya dunia. Mutu wa kuhesabu shaba ya dunia hawezi kuiruka Katanga, maana wakati huo Union Minière ilikuwa kati ya wauzaji wakubwa. Fuller aliona kwamba shaba haiishi kwa kutumiwa. Waya mukuukuu, bomba la zamani, mashini iliyovunjika, vyote vinayeyushwa na kurudi. Alihesabu kwamba shaba inarudi sokoni kisha miaka 22 hivi. Tena kila mara inaporudi, mafundi wamejifunza kufanya mengi zaidi kwa kilo zile zile. Kwake yeye, mali ya dunia ilikuwa ndani ya ardhi, tena ndani ya miji, tena ndani ya akili ya kutumia kilo chache.

Sisi tunaongeza hesabu moja ambayo yeye hakuifanya. Kama shaba iliyochimbwa na babu zetu ingali inazunguka duniani mupaka leo, basi kazi yao nayo ingali inazunguka. Wengi wao walikufa ndani ya nyumba ya kambi ambayo haikuwa yao.

Vita na nyumba za manjanja

Mwaka 1940 Fuller alipita kwa gari katika mashamba ya katikati ya Marekani, akaona magala ya nafaka ya muviringo, ya manjanja yaliyopakwa zinki. Aliwaza mara moja kwamba gala lile ni nyumba ambayo kiwanda kimekwisha kuitengeneza. Alienda kwa kampuni ya Butler, ya muji wa Kansas City, iliyoyatengeneza, wakafanya kibanda cha kukaa watu, upana wake karibu metre 6.

Namna ya kukijenga ilikuwa kinyume na desturi. Paa lilifungwa kwanza, chini kabisa, likavutwa juu kidogo kwenye mulingoti. Kisha ukuta wa juu ukafungwa chini ya paa, vyote vikavutwa tena, na hivyo mupaka mwisho. Mufanyakazi hakupanda juu hata kidogo, alifunga mabulo akiwa amesimama kwenye udongo. Sisi tuliozika wenzetu walioanguka kutoka juu tunaiheshimu akili hiyo kuliko picha nzuri.

Lakini nani aliingia ndani ya vibanda hivyo? Fuller alivifikiria kwa watu waliobomolewa nyumba na mabomu. Vita ilipofika Marekani, chuma chote kikawa cha jeshi, na vibanda vikaenda kwa askari, hata mupaka ghuba ya Uajemi. Raia hawakuvipata.

Nyumba ya Wichita

Mwaka 1944 vita ilielekea mwisho. Wafanyakazi wa viwanda vya ndege walianza kuacha kazi, kwa hofu kwamba amani itafunga milango ya viwanda. Viongozi wa sendika na wa serikali walitafuta kazi ya kisha vita. Fuller aliwaletea jibu: kiwanda cha ndege kinaweza kutoa nyumba, kwa mashini zile zile, kwa mikono ile ile na kwa aluminyumu ile ile.

Kazi ilifanywa katika kiwanda cha Beech, muji wa Wichita, jimbo la Kansas. Nyumba ilikuwa ya muviringo, upana karibu metre 11, na yote pamoja ilikuwa na uzito wa tani 3 hivi. Kila kipande mutu mumoja aliweza kukibeba. Bei iliyopangwa ilikuwa dola 6,500. Maombi yalifika kwa maelfu.

Nyumba mbili tu ndizo zilitengenezwa. Wenye falanga walitaka kuanza kuuza, na Fuller alikataa, akisema bado kuna vitu vya kutengeneza. Waligombana, na mwaka 1946 kampuni ikafa. Mutu mumoja wa Wichita alinunua vipande vya zile nyumba mbili, akavijenga kandokando ya nyumba yake, jamaa yake ikakaa humo miaka mingi. Leo nyumba hiyo iko katika muzeo wa Henry Ford, kule Dearborn. Inalipiwa tikiti ya kuitazama, nayo ilitengenezwa ili mufanyakazi aingie humo na watoto wake.

Hatumufichi kosa Fuller. Alipenda kazi ikamilike mbele ya kutoka mikononi mwake, na watu waliongoja nyumba walibaki wanangoja. Lakini pia hakuna sendika wala serikali iliyoshika jambo hilo kwa nguvu yake yote. Kila mutu alifikiri mwingine atalimaliza.

Pembe tatu nyingi

Kisha hapo Fuller alirudia pembe tatu zake za utotoni. Mwaka 1948 na 1949, katika shule ya Black Mountain, jimbo la North Carolina, alifundisha vijana kujenga kuba la fito nyembamba zilizofungwa pembe tatu pembe tatu. Mara ya kwanza kuba lilikataa kusimama. Mwaka uliofuata lilisimama, na wanafunzi walining'inia juu yake bila lenyewe kuinama. Mwaka 1954 alipata hati ya serikali ya kulinda ubunifu huo. Tuseme ukweli: kuba la namna hiyo lilikuwa limejengwa tayari Ujerumani, muji wa Jena, miaka ya 1920, kwa kazi ya Walther Bauersfeld. Na mwanafunzi wake mumoja, Kenneth Snelson, alilalamika miaka mingi kwamba mwalimu aliichukua kazi yake ya miti inayosimama kwa kushikiliwa na nyaya tu, akaipa jina na hati yake mwenyewe. Wafanyakazi wanajua namna jina la mukubwa linavyofunika jina la mudogo.

Hata hivyo kazi yenyewe ilionekana. Mwaka 1953 alifunika uwanja wa ndani wa jengo la Ford kwa kuba la metre 28, lenye tani 8 na nusu. Paa la chuma la desturi lingekuwa na tani 160. Mwaka 1956, kule Kabul, nchi ya Afghanistan, Marekani ilitaka jumba la maonyesho kwa haraka. Kuba la metre 30 lilipelekwa kwa ndege. Wafanyakazi wa pale hawakulijua hata kidogo, lakini ncha za vipande zilipakwa rangi: nyekundu kwa nyekundu, buluu kwa buluu. Kwa siku mbili likasimama. Mwaka 1967, kule Montréal, alijenga kuba kubwa la Marekani, upana metre 76, na mamilioni ya watu walilitembelea. Mwaka 1976 mafundi walikuwa wakichomelea chuma hapo, moto ukala ngozi yote ya plastiki kwa dakika chache, ukaacha mifupa ya chuma imesimama. Wepesi una hatari zake, na mwenye kujenga kwa plastiki azihesabu.

Muji juu ya maji

Tumefika kwenye maji. Katika miaka ya 1960 tajiri mumoja wa Japani, Matsutaro Shoriki, alimuomba Fuller apange muji wa kuelea katika ghuba ya Tokyo, kwa watu milioni moja, kwa sababu udongo wa Tokyo ulikuwa umejaa na bei yake imepanda. Haukujengwa. Lakini serikali ya Marekani, kwa biro yake ya nyumba na miji, ilisikia jambo hilo, ikamuomba yeye na wenzake uchunguzi. Mwaka 1968 walitoa kitabu cha mupango, na muji wenyewe ukaitwa Triton.

Triton haukuwa chombo kimoja kikubwa. Ulikuwa vipande. Kila kipande ni jukwaa linaloelea, lenye nyumba, shule na maduka. Majukwaa madogo ya watu karibu 1,000 yanaunganishwa, au linatengenezwa jukwaa kubwa zaidi la pembe tatu, mupaka inapatikana mutaa wa watu karibu 5,000. Mitaa ikiunganishwa inakuwa muji. Kazi ingefanywa katika viwanda vya meli vilivyokosa kazi, kisha kila kipande kivutwe na meli mupaka fasi yake, katika maji ya bandari yaliyotulia. Kipande kikiharibika, kinafunguliwa na kuvutwa kutengenezwa, vingine vinabaki na watu wao.

Je, jambo hili linawezekana kweli? Tufanye hesabu, wala haihitaji chuo kikubwa. Kitu kinaelea kikisukuma maji yenye uzito sawa na uzito wake. Pipa la litre 200 lililofungwa vizuri linasukuma kilo 200 za maji. Lenyewe lina kilo 20 hivi, basi linabeba kilo 180. Nyumba kama ile ya Wichita, tani 3, ingehitaji mapipa 17. Uongeze jukwaa la chini, watu, vitanda na vyungu, kisha uweke mara mbili ili watu wasikae kwa bahati. Sasa uchukue nyumba ya tofali 10,000, kila tofali kilo 2 na nusu. Ni tani 25, ni mapipa 139 mbele ya kuweka paa. Ndiyo maana ulizo la kilo halikuwa muchezo. Fuller alianza kupunguza uzito miaka 40 mbele ya kupanga muji wa kuelea, na bila wepesi ule asingefika hapo.

Uzito si jambo lote. Jukwaa linatakiwa kuwa pana na vizito vyake viwe chini, la sivyo linapinduka kama mutumbwi watu wakisimama upande mumoja. Tena kuna mawimbi. Fuller alilijua hilo toka Bear Island, na katika uzee wake alipata hati kwa ukingo unaoelea wa kuvunja nguvu ya mawimbi, mwaka 1975, na mwingine mwaka 1979. Hata mashua ya kupiga makasia aliibuni upya, mwaka 1970: miguu miwili myembamba inayokata maji.

Kuishi juu ya kitu kinachoelea si ajabu ya wazungu. Kwetu, katika bonde la Upemba, wavuvi wa ziwa Kisale wamejenga vibanda juu ya visiwa vya mafunjo vinavyoelea toka zamani. Maji yakipanda, kisiwa kinapanda nayo. Fuller alitaka kitu hicho hicho kitoke kiwandani, chenye maji safi, umeme na choo.

Jeshi la maji la Marekani lilipima hesabu za Triton, na muji wa Baltimore ulionyesha hamu ya kuupata. Lakini mwanzoni mwa mwaka 1969 raisi Johnson alitoka na serikali nyingine ikaingia, mupango ukalala. Mufano mudogo wa Triton ulibaki katika nyumba ya kumbukumbu ya raisi Johnson, kule Austin. Hakuna jamaa hata moja iliyolala ndani ya Triton usiku mumoja.

Mwisho wake

Fuller alizunguka dunia akifundisha mupaka uzee. Yeye na muke wake walikaa miaka kadhaa ndani ya kuba lao wenyewe, kule Carbondale, jimbo la Illinois. Mwanzoni mwa mwaka 1983 raisi wa Marekani alimupa medali kubwa ya raia. Tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka ule, alipokuwa kandokando ya kitanda cha muke wake aliyekuwa mahututi katika hospitali ya Los Angeles, moyo wake ulisimama. Alikuwa na miaka 87. Anne alimufuata kisha saa 36. Walikuwa wamekaa katika ndoa karibu miaka 66. Walizikwa katika makaburi ya Mount Auburn, Massachusetts.

Miaka miwili baadaye, wataalamu waligundua namna ya kaboni yenye umbo la mupira, pembe zake kama zile za makuba yake, wakaipa jina lake. Jina lake limefika ndani ya kemia. Nyumba yake haijafika kwa mufanyakazi.

Hapo ndipo tunataka wasomaji watulie kidogo. Akili ya kutengeneza nyumba nyepesi, kavu, hata ya kuelea, ilikuwepo mwaka 1929, ikawepo 1940, 1946 na 1968. Kila mara ilipokosa mutu wa kuibeba mupaka kwa jamaa, ilikwenda kwa jeshi, au kwenye maonyesho, au kwenye muzeo. Mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilipanda na kuingia ndani ya nyumba za watu, Uvira na Kalemie. Waliokimbia walilala chini ya turubai, na mvua nyingine itakuja. Katika migodi nako, kampuni nyingi zinatoa falanga kidogo za pango na kusema jambo la nyumba limekwisha.

Sisi tunaosimama mbele ya wakubwa wa kazi kwa jina lenu tunaomba kitu hiki. Mara ijayo ya kuzungumza mukataba wa kazi, mambo ya nyumba yasiwe mustari wa mwisho unaofutwa ili mushahara uongezwe kidogo. Wachomeleaji, maseremala na wafundi wa mashini wako kati yetu. Mapipa tunayo, chuma tunacho, na hesabu ya kilo tumeiandika hapa. Tulete mezani muchoro, uzito na bei, ili siku hiyo kampuni ikiuliza tunataka nyumba gani, tuwe na jibu la kuwekea sahihi.